Miaka Aliyoibeba Shangazi

Kihispania changu nilikipata kwenye kubishania bei ya usipa. Nilikuwa nanunua usipa mkavu, dagaa wa ziwa letu, na kuupandisha hadi kijiji cha Mapera milimani, na mteja wangu mgumu kuliko wote alikuwa sista mmoja Mhispania wa zahanati ya misheni. Nikifungua gunia, anazamisha mkono hadi kwenye kiwiko, anatoa samaki wa chini kabisa, ananusa, kisha ananong'ona kwa lugha yake. Mimi mtu akinong'ona mbele ya mzigo wangu, simwamini hata kama amevaa msalaba.

"Shikamoo Sista," nikamwambia siku moja, "lakini hatuendelei na bei mpaka uniambie unanong'ona na nani."

"Marahaba. Nauliza tu: *¿Cuánto tiempo llevan en el saco?* Wamekaa muda gani humu ndani?"

"Tangu juzi."

"Juzi ya kalenda au juzi ya wafanyabiashara?"

Ukawa mchezo wetu. Nikitaka aongeze kidogo, lazima nimtajie kwa Kihispania muda wa kila kitu: samaki wana muda gani guniani, mimi nina muda gani njiani, mvua ina muda gani inanyesha, shangazi yangu ana muda gani anaanika. Kwao, alinieleza, muda watu huubeba. Yeye alikuwa na miaka tisa Mapera na bado yupo, basi husema *llevo nueve años aquí*, nimebeba miaka tisa hapa. Ukipenda unaitanguliza miaka yenyewe: *hace nueve años que vivo aquí*, miaka tisa sasa naishi hapa. Nikamuuliza mzigo huo ulipimwa kwenye mizani ya nani. Akaongeza bei ili ninyamaze. Gunia likiisha alilikung'uta na kusema *vacío*, tupu. Nje ya samaki, gunia, mvua, shangazi na muda, Kihispania sikujua hata kuomba maji.

Miaka hiyo serikali ilikuwa imeachia biashara huria, na magari ya wageni yalikuwa yanashuka ziwani kutafuta hiki na kile. Mimi nilikuwa natazama viatu kwanza. Mwenye viatu visivyo na vumbi hajaja kununua samaki.

Shangazi yangu alikuwa na sehemu ya kuanikia usipa, nyuma ya mawe makubwa, si mbali na Mbamba Bay. Hati hana. Kwetu sehemu ya kuanikia ni ya anayeanika. Ukiiacha, mwenzio anatandika. Alianza kuanika pale alipoolewa, akabaki mjane, na watoto wake wote wamekula kutoka kwenye mchanga ule.

Asubuhi moja niliposhuka nilikuta gari, mzungu mwenye kofia, na dalali mmoja, mzaliwa wa huku huku ziwani aliyekuwa amesomea Kuba. Walikuwa wamevuta kamba ya kupimia kutoka kwenye mawe hadi majini.

"Mgeni anaangalia mandhari tu, Shangazi," dalali alikuwa anasema.

"Mandhari yanaangaliwa kwa kamba?" shangazi akamjibu, mikono kiunoni.

Kilichonitia shaka zaidi hakikuwa kamba. Ulikuwa mwezi. Ulikuwa bado unaning'inia juu ya ziwa, mzima kama sahani. Usipa hufuata taa ya karabai penye giza. Kukiwa na mbalamwezi, taa haina kazi, mitumbwi inavutwa nchi kavu, na wanawake wanakunja nyavu za kuanikia wakazishone nyumbani. Siku hizo ufukwe unabaki mchanga mtupu. Mzungu asingelijua hilo. Dalali alilijua vizuri mno, na katika siku zote za mwezi alichagua hizo.

Akamgeukia mgeni wake, akaupitisha mkono ufukwe mzima, akasema kwa Kihispania: "*Esta playa lleva años vacía.*"

Nililitambua gunia tupu la Sista. Ufukwe umebeba miaka ya utupu! Na shangazi kasimama juu yake.

Sikuwa na maneno mengi ya kuchagua. Nikasema kama nilivyokuwa naongezewa bei: "*Mi tía lleva veinte años secando pescado aquí.*" Shangazi yangu ana miaka ishirini anaanika samaki hapa.

Mzungu akageuka kama aliyeguswa begani. Akamwaga maneno, sikuambulia kitu. Nikarudia yale yale.

"Huyu mlevi wa sokoni," dalali akamwambia shangazi, "anasema nini?"

"Kama ni mlevi, mbona unatoka jasho?"

Nilimwonyesha mgeni mwezi, nikaonyesha nyavu zilizokunjwa mlangoni kwa shangazi. Shangazi hakungoja nimalize. Alipiga magoti, akazamisha mkono mchangani hadi kwenye kiwiko, akatoa konzi iliyojaa magamba na vichwa vikavu vya usipa, akamsogezea puani.

Mzungu alinusa, akarudi nyuma. Kisha akamuuliza dalali swali ambalo mwanzo wake niliujua: *¿Cuánto tiempo...?* Dalali akaanza hotuba ndefu. Sista alinifundisha jambo hilo bila kukusudia: swali la muda likijibiwa kwa hotuba, samaki wameoza. Mzungu akaiokota ncha ya kamba, akaanza kuikunja mwenyewe.

"Umemwambia nini?" shangazi akaniuliza gari lilipoondoka.

"Kwamba umebeba miaka ishirini hapa."

"Ishirini na miwili. Miwili umempa nani?"

Giza la mwezi liliporudi, gari lile lilisimama juu barabarani, ufukwe ukiwa mweupe kwa usipa. Mzungu alikuwa peke yake. Alitazama, akaondoka. Wengine walisema amekata tamaa. Mimi nilisema amekuja kuhesabu nyavu.

Tangu hapo shangazi hakunji nyavu zote. Ukifika mwezi mpevu anaacha wavu mmoja umetandazwa, hauna hata samaki, na jiwe kila pembe, asije mtu akasema pako tupu.

"Unaanika mbalamwezi, mama?" majirani wanamtania.

"Naianika. Ikikauka nitawauzia."

Nami nikipita huwa naangalia mawe yale, kama hakuna aliyeyasogeza. Yapo manne. Narudi nayahesabu tena.