Niliamua kesi ya shamba nikiwa na ugonjwa wa ubongo nisioujua

Msimamizi wa ukurasa, jina langu lihifadhi. Majina ya nitakaowataja nimeyabadilisha mwenyewe.

Mimi ni mwanamume wa miaka sitini na sita, mwalimu mstaafu, mkazi wa kijiji kimoja nje ya mji wa Sumbawanga. Hadi nilipougua nilikuwa mwenyekiti wa baraza la ardhi la kata. Watu walinipa kazi hiyo kwa sababu ya kumbukumbu yangu, nami nilijivunia.

Mwezi wa kwanza tulikwenda shambani kuamua mpaka kati ya Masanja, mfugaji aliyehamia huku kutoka Shinyanga miaka mingi iliyopita, na Oswald, mwenyeji, ambaye tunasali naye jumuiya moja. Masanja alidai mpaka ni mstari wa mawe; Oswald alidai ni kijito. Kati ya mawe na kijito kuna ekari tano za ulezi, nyumba ya Masanja na kaburi la mtoto wake. Aliyeujua mpaka wa zamani alikuwa bibi mmoja tu tuliyekwenda naye, ambaye sasa ni marehemu. Siku hiyo katibu wetu alikuwa anaumwa. Mjumbe mmoja, nitamwita Sixtus, akatoa kalamu ili aandike maneno ya bibi. Nikamwambia, "Iweke. Yote ninayo kichwani."

Siku tatu baadaye nilimtamkia katibu muhtasari: bibi amesema mpaka ni kijito. Wajumbe wakatia sahihi. Masanja akashindwa, akapewa muda avune, kisha ahame.

Siku hizo mkono wangu wa kushoto na shavu la upande huo vilikuwa vikishtuka ghafla, mara nyingi kwa siku, kwa sekunde mbili tu. Nilidhani ni baridi. Mwezi wa pili nilimwuliza mke wangu habari za kaka yangu, ambaye tulimzika wakati wa Krismasi. Jioni ile ile nikamwuliza tena. Akanipeleka hospitali ya mkoa, nao wakanipeleka Mbeya.

Huko niliingizwa kwenye mashine ya MRI. Daktari, binti wa umri wa mwanangu wa mwisho, akanionyesha picha ya ubongo wangu. Sehemu mbili ndogo, moja kila upande, ziling'aa kuliko inavyopasa.

"Mzee, hapa ndipo ubongo unapotunza mambo mapya," alisema. "Kinga ya mwili wako imepageukia na kupashambulia kana kwamba ni adui."

Akanisimulia kisa kifupi cha mama aliyepoteza kikapu stendi. Tukazungumza mengine, kisha akaniomba nikirudie. Nikakirudia vizuri, pamoja na askari aliyekipata kikapu.

"Askari hakuwamo, mzee."

Nilibishana naye. Nilikuwa nimemwona askari huyo pamoja na kofia yake! Akanieleza kwa upole kwamba ubongo uliougua hivi ukikuta pengo hulijaza wenyewe, na mgonjwa anaweza kula kiapo kwa jambo ambalo halikutokea.

Dawa zimenisaidia. Mishtuko imekoma, na ninakumbuka tena nilichokula jana. Juma lililopita Sixtus, ambaye nilimfundisha, alikuja nyumbani. Aliniamkia, nikamwambia aketi, akakataa.

"Mwalimu, bibi hakusema kijito. Alisema mawe."

"Ulikuwapo nilipotamka muhtasari?"

"Nilikuwapo."

"Ukatia sahihi?"

"Nilitia."

"Kwa nini?"

"Mwalimu, nani amewahi kukubishia wewe? Nilijua ni mimi niliyesikia vibaya."

Nilimfukuza, jambo ambalo nalijutia. Kisha nikawaendea wajumbe wawili waliobaki. Wa kwanza alisema hakumbuki. Wa pili alicheka. "Wewe sema ulichosikia, mwalimu, nami ndicho nilichosikia."

Tatizo langu ni kwamba ninamwona bibi yule mpaka leo, amenyoosha kidole kuelekea kijitoni, na ninaisikia sauti yake. Tena Sixtus hulima kwa ng'ombe wa Masanja. Huenda anamtetea rafiki. Au anasema kweli. Sina namna ya kujua.

Mke wangu hataki nilitaje jambo hili. "Ukitoa hiyo picha yako, kila aliyeshindwa mbele yako atataka kesi yake ifufuliwe," alisema. "Na Oswald ameshaanza kufyatua matofali. Umepona, baba. Nyamaza."

Juzi nilikwenda kwa Masanja. Mkewe alikuwa akikata masuke ya ulezi. Alinyanyuka, akaniamkia, akaniletea maziwa. Nilikuwa nimejiandaa kusema. Masanja akanitangulia.

"Mzee, ndugu zangu walitaka nikate rufaa. Nikawaambia, angekuwa mtu mwingine ningekwenda mpaka mwisho. Lakini aliyesema ni wewe. Basi."

Nilikunywa maziwa yao, nikaaga, nikaondoka bila kusema nililowaendea.

Wamebakiza kipande kimoja cha kuvuna, kazi ya siku nne au tano. Nikirudi barazani, sina ushuhuda mwingine wa bibi wa kuuweka badala ya ule. Nina mashaka tu, na mashaka hayo yatamvunjia Oswald haki ambayo pengine ni yake. Nikinyamaza, Masanja ataliacha kaburi la mwanawe kwa sababu aliniamini. Msinipe pole ya ugonjwa, tafadhali. Nielekezeni: mtu asiyejua kama alikosea aungame nini, na aanzie kwa nani? Nifanye nini kabla ulezi haujaisha shambani?