Moto Ndani ya Chupa ya Chai

Asubuhi za kwetu Nangara zilinukia tangawizi. Mama alichemsha chai, akaijaza kwenye chupa yetu ya bati yenye maua mekundu, kisha akaipeleka mjini kwa mafundi cherehani. Chupa hiyo moja ndiyo iliyotulisha. Mimi, nikiwa na miaka tisa, sikuwa na raha mpaka nijue moto ulijificha wapi humo ndani, maana bati la nje lilikuwa baridi kabisa. Jumapili moja ya likizo, Mama akiwa kanisani, nilizungusha kitako cha chupa kikafunguka. Nikakuta chupa nyingine ya kioo, inang'aa, na chini yake ncha nyembamba ya kioo. Niliigusa tu, ikakatika. Kioo hakikupasuka, kwa hiyo nilirudishia kila kitu nikajiona mjanja.

Kesho yake nilimsindikiza Mama mjini. “Mama Pendo,” fundi mmoja akamwambia akirudisha kikombe, “leo chai yako imeoga mtoni?” Wenzake wakacheka. Siku ya pili ilipoa tena, na wateja wawili wakahamia kwa muuzaji mwingine. Mama alirudi nyumbani, akawa analaumu mara tangawizi, mara kuni. Nilishindwa kuvumilia, nikamwambia ukweli. Hakunichapa. Alinishika mkono hadi dukani kwa Mzee Shabani, aliyekuwa akiuza vioo vya ndani vya chupa za chai, vimepangwa kwa ukubwa.

“Ulikuwa unatafuta nini humu?” mzee aliniuliza Mama alipomaliza kumsimulia.

“Moto.”

Alicheka hadi akavua miwani. Akanieleza kuwa kioo kile kina kuta mbili, katikati hewa imeondolewa, na pale kwenye ncha ndipo kiwandani walipozibia; ikikatika, hewa huingia na joto hutoroka. Akatuwekea kingine. Siku iliyofuata mafundi walipuliza vikombe vyao, na wale wawili wakarudi.

Mwezi uliopita, chupa niliyoinunua mwaka huu huu iliacha kutunza joto. Niliigeuza nikakuta kitako kimegandishwa, hakizunguki. Kijana wa dukani aliniambia kwa upole, “Dada, hizo hazifunguliwi. Chukua nyingine tu.” Niliudhika, lakini zaidi nilitaka kujua ni nani, huko kiwandani, aliyekaa akaamua nisiingie humo. Nyumbani mwanangu Baraka aliipapasa pande zote.

“Nani kaiharibu?” akauliza.

“Hakuna.”

Kosa langu la utotoni lilitengenezeka kwa asubuhi moja. Chupa hii haikuharibiwa na mtu yeyote, na imekwenda jalalani.