Neno la Mzee Koba

Niseme mapema ili tusipotezeane muda: nilidanganya. Nilidanganya mbele ya watu, maikrofoni mkononi, kuhusu gemu ambayo sikuwa nimeicheza hata dakika moja, na video ya aibu hiyo bado inazunguka kwenye simu za watu kutoka Homa Bay mpaka Migori, kwa hivyo hata nikinyamaza haitanisaidia. Afadhali mnisikie mimi mwenyewe, maana wengine wanaoisimulia wanaongeza chumvi (eti nililia, sikulia, macho yalikuwa yananiwasha tu).

Kazi yangu ni kuuza dawa za mifugo pale Rangwe. Jumatatu hadi Ijumaa mimi ni yule jamaa wa dawa ya kupe, lakini Jumamosi nilikuwa Prof. Jina hilo nilipewa Homa Bay mjini, kwenye ukumbi wa gemu wa Achieng', wenye skrini nne, viti vya plastiki na feni moja inayopiga kelele kuliko inavyopuliza. Achieng' ndiye mwenye ukumbi na ndiye mchezaji mkali kuliko sisi sote. Mimi sikuwa mkali wa kucheza, ila nilikuwa najua hadithi za gemu: nani ni mtoto wa nani, nani alimsaliti nani, vita vilianza wapi. Watu wakibishana wananigeukia mimi, nami, Mungu anisamehe, nilikuwa napenda sana kugeukiwa.

Gemu tuliyokuwa tunaipenda inaitwa Zebaki. Ni mji wa miaka mingi ijayo, mvua haikatiki, taa za rangi kila mahali, makampuni ndiyo serikali, na watu wanauza mikono yao ya nyama wanawekewa ya chuma. Mhusika mkuu ni mwanamke anaitwa Tindo, nusu mtu nusu mtambo, asiyecheka na mtu, na ukimuuliza kwao ni wapi anajibu, "Sina kwetu." Tulikaa na jibu hilo miaka, tukilichambua kama watu wa kamati. Halafu ikatoka gemu ya pili, Zebaki Ziro, inayoeleza yaliyotokea kabla, Tindo akiwa bado msichana mwenye mwili wake wote. Hapo ndipo mambo yangu yalipoharibikia.

Kwenye misheni ya nne baba yake, Mzee Koba, anauawa juu ya paa la kiwanda. Gemu inakupa nafasi mbili: ukimbie, au ubonyeze kitufe umbebe. Ukimbeba huwezi kupiga risasi, huwezi kupanda ngazi, huwezi kupanda treni, unatembea tu polepole na walinzi wanakutafuta, na gemu haihifadhi ulipofika mpaka umweke chini na kumwacha. Wachezaji wa nchi zingine kwenye mtandao walikuwa wanauliza kitufe hicho ni cha nini. Sisi hatukuuliza. Sisi tulichouliza ni nyumba ya mzee iko upande gani. Sidhani kuna mtu hata mmoja pale kwa Achieng' ambaye alimwacha yule mzee juu ya paa bila kujaribu kumpeleka kwake, maana mtu akifia mbali anarudishwa nyumbani, hilo halijadiliwi, hata kama mtu mwenyewe ni picha kwenye skrini. Kila aliyecheza alikuwa amembeba. Kila aliyembeba alikuwa ameshindwa kwenye daraja la kwanza, akamwacha hapo, akaenda zake akijisikia vibaya wiki nzima.

Basi Jumamosi moja ubishi ukawaka. Achieng' alikuwa amemaliza gemu yote na hakuipenda.

"Hii ni gemu gani?" alisema. "Wametoa mikono ya chuma, wametoa kuruka, wametubakishia kutembea. Na hadithi iko wazi. Tindo alimwacha baba yake. Ndiyo maana anasema hana kwao. Kwisha."

Mimi nikasimama (husimama ninapotaka kusikilizwa, ni tabia mbaya). Nikasema haiwezekani, waandishi wasingeweka kitufe cha kubeba bure, mtoto hawezi kumwacha baba yake na bado tukamfuata gemu nzima. Nilikuwa naongea vizuri. Kungekuwa na kengele ya hatari ingepaswa kulia hapo.

Achieng' akaniangalia. "Prof, wewe umeimaliza?"

Jibu lilikuwa hapana. Kompyuta yangu ya dukani haiwezi kufungua risiti mbili kwa pamoja. Nilikuwa nimetazama video ya mtu mwingine akicheza saa mbili za mwanzo, bando likaisha, na hapo kwa Achieng' niliogopa kushika padi ya kuchezea nisije nikaonekana mbovu. Lakini watu kama kumi na tano walikuwa wananitazama.

"Mara mbili," nikasema.

"Na ulimfikisha mzee kwake?"

"Nilimfikisha. Ukimfikisha mlangoni anafungua macho, anasema neno moja, ndipo anayafunga."

Watu wakavuta viti karibu. Na kutoka kiti cha nyuma nikasikia sauti ya Omosh.

"Neno gani?"

Lazima niwaambie Omosh ni nani. Ni rafiki yangu tangu shule ya msingi, fundi wa injini za boti kule Rusinga, mtu wa maneno machache. Tukiwa kidato cha pili baba yake alitoka na boti ziwani, upande wa kisiwa cha Takawiri, na boti ikarudi bila yeye. Walitafuta siku nyingi. Mwishowe wazee wakafanya kama inavyofanywa mwili usipopatikana: wakachimba kaburi kwenye boma, wakazika tunda la mti wa yago, lile refu zito, mahali pake. Mimi nilikuwepo. Nilisimama karibu na Omosh, nikaona anavyoliangalia lile tunda likishushwa. Kwa hivyo msiniulize nilisahau vipi. Sikusahau. Nilikuwa nafurahia kutazamwa, basi.

"Siwezi kukuharibia, omera, ndugu yangu," nilimjibu. "Cheza mwenyewe utasikia."

Ningeweza kurekebisha wiki hiyo hiyo. Omosh alianza kuja mjini kila akipata nafasi, analipia skrini ya pembeni, anambeba mzee. Ananitumia ujumbe: amepita daraja. Umeme umepotea, anaanza upya. Ameonwa na walinzi sokoni, anaanza upya. Siku moja akaniuliza nilipitia njia gani, na mimi, badala ya kuandika sentensi moja ya ukweli, nikamwandikia apitie kwenye mfereji, kwa sababu nilifikiri mji wowote una mfereji. Mfereji ulikuwepo, kumbe una ngazi mwishoni, na ukimbeba mzee ngazi hupandi. Ilimgharimu saa mbili kurudi nyuma. Akanitumia ujumbe: "Pole Prof, nimepotea kwenye njia yako." Yeye ndiye aliyesema pole.

Achieng' alipoona bidii hiyo akanusa biashara. Akaandika kwenye karatasi kubwa mlangoni: JUMAMOSI, OMOSH ANAMPELEKA MZEE NYUMBANI. PROF ATAELEZA. Wakaja watu ambao hata padi hawajawahi kushika. Walikuja wanafunzi wa chuo, akaja mama wa samaki wa jirani na kiti chake mwenyewe, wakaja vijana watatu wa Migori waliosikia kwenye mtandao kwamba kuna mtu Homa Bay anajua mwisho wa siri. Mimi nilikuwa nimevaa shati la kupigwa pasi. Nikapewa kiti cha mbele, soda, na maikrofoni iliyoazimwa kanisani.

Omosh alianza saa mbili asubuhi. Na mimi nikaanza kueleza. Nilieleza historia ya makampuni, nikaeleza kwa nini taa za mtaa ule ni nyekundu, nikaeleza asili ya viatu vya Mzee Koba (viatu!), na watu wakapiga makofi, na kila Omosh alipopita kizuizi mimi peke yangu mle ndani nilikuwa naomba akamatwe. Hakukamatwa. Alikuwa amejifunza. Anamlaza mzee nyuma ya mapipa walinzi wakipita, anasubiri, anamwinua tena taratibu, na mama wa samaki akawa anamwambia, "Polepole, mwanangu, kichwa, chunga kichwa," na hakuna aliyecheka.

Saa nane mchana ikaonekana nyumba. Nikasimama niende msalani.

"Prof, unaenda wapi na neno linakaribia?" Achieng' akasema, na vijana wa Migori wakafunga njia kwa magoti yao. Nikaketi.

Omosh akapanda kinjia cha kwenda kwenye nyumba, akafika mlangoni, akasimama. Watu wote wakainua simu. Mvua ya kwenye gemu ikaendelea kunyesha. Hakuna kilichotokea. Akabonyeza kila kitufe, hakuna. Akamweka mzee chini taratibu, na mkono wa mzee ukapenya mlango kwa sababu ya kasoro ya gemu, ukawa unatetemeka mle ndani ya mbao kama umeshikwa na umeme, na hapo watu waliokaa saa sita wakacheka mpaka viti vikalia.

"Prof," Achieng' akasema, "neno."

Nikasema labda toleo hili halijasasishwa. Nikasema hivyo kwenye maikrofoni. Nikaongeza kwamba kwangu ilichukua muda kidogo kabla hajafungua macho, tusubiri. Tukasubiri. Watu sitini tukaangalia mkono unatetemeka mlangoni. Mama wa samaki akawa ananiangalia mimi, haangalii skrini tena.

Halafu Omosh akageuka. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira, hasira ningeiweza. Lakini hakuwa na hasira. Alikuwa na uso wa mtu aliyefanya kosa.

"Nimekosea wapi?" akaniuliza. "Ni pale sokoni? Nilimlaza vibaya?" Na kidole chake kilikuwa tayari kwenye kitufe cha kuanza upya. "Sema tu. Nianze tena?"

Nyinyi marafiki zangu mnanijua, mimi nina jibu la kila kitu. Ila hapo nilikitazama kile kidole. Niliona kwamba nikifungua mdomo vibaya mtu huyu ataanza tena kutoka juu ya paa, na kesho tena, na wiki ijayo tena, na mimi nitakuwa nimekaa na soda.

"Sijawahi kucheza," nikasema. Maikrofoni ilikuwa bado imewashwa, kwa hivyo hata walio barabarani walisikia. "Hii gemu sijawahi kuicheza. Hakuna neno, Omosh. Nililitunga."

Mtu wa kwanza alicheka, wa pili akapiga mluzi, na baada ya hapo ilikuwa sherehe yao. Achieng' hakucheka. Alikuja akaninyang'anya maikrofoni, akasema, "Na huyu je, ulimfikiria?" akimwonyesha Omosh. Omosh alikuwa ameshaweka padi juu ya meza. Alisimama mbele ya skrini kidogo, akamwangalia mzee, halafu akatoka. Nikamfuata mpaka mlangoni nikaita jina lake. Hakugeuka.

Kuhusu wiki zilizofuata sina la kujivunia. Wateja Rangwe walikuwa wananunua dawa ya minyoo ya mbuzi halafu wanainama kwenye kaunta: "Prof, tuambie neno." Hilo nililistahili. Kilichoniuma ni simu nilizompigia Omosh ambazo hazikupokelewa, na jumbe zangu ambazo alizisoma zote bila kujibu hata moja. Usiku wa kulala sikuwa nao mwingi. Kila nikifumba macho naona kile kidole juu ya kitufe.

Wiki ya tatu nikavaa lile shati la pasi, nikafunga duka nikaenda Rusinga. Nilimkuta amechuchumaa juu ya injini iliyofunguliwa, mafuta mpaka viwiko. Nilikuwa nimeandaa hotuba njiani, yenye utangulizi na hitimisho. Nilisema tu, "Omosh, nisamehe. Nilijua habari ya baba yako, na bado nilisema."

Akaendelea kufungua nati. Akaitoa, akaipangusa, akashika nyingine.

"Ungeniambia tu hakuna kitu," akasema mwishowe. "Ningembeba tu."

"Hata ungejua?"

"Prof." Sasa akainua macho. "Ulidhani nilikuwa nambeba kwa sababu ya neno?"

Nikachuchumaa karibu naye. Baadaye kidogo akanisogezea spana kwa mguu. "Shika hapa," akasema, "na usiniambie unajua injini." Nikashika. Nilishika saa nzima, na shati lile la pasi halijatakata mpaka leo.

Siku hizi bado naenda kwa Achieng' Jumamosi, lakini sisimami. Nimelipia skrini ya pembeni na nimeanza Zebaki Ziro mwenyewe, mbele ya watu, na nacheza vibaya sana, wacheni niwaambie, na Achieng' ana haki, ile gemu inachosha. Jumamosi iliyopita nilifika juu ya paa la kiwanda. Nilimwinua Mzee Koba, nikashuka naye mpaka karibu na daraja, vidole vimekufa ganzi, na Omosh alikuwa amekaa nyuma yangu. Mtoto mmoja wa chuo, mgeni, asiyejua habari zangu, akainama akaniuliza huko mbele kuna nini.

Nikamwambia sijui, nikaendelea kutembea.