Kofi la Askofu

Darasa la tatu ndipo tulipofundishwa kupigwa. Si kwamba hatukuwa tumewahi kupigwa. La kwanza na la pili tulichapwa vizuri tu, lakini bila maelezo. Mwaka huo wa tatu, katika shule ya misheni iliyokuwa katikati ya mashamba ya kahawa, ukitoka Ruiru kwenda Thika, kofi lilipewa maana. Sista aliyetufundisha dini alitueleza kwamba askofu angekuja kutupa Kipaimara. Angetupaka mafuta kwenye paji la uso, kisha angempiga kila mmoja kofi shavuni, ili tujue kwamba tangu siku hiyo sisi ni askari wa Kristo, na askari huvumilia.

Sista alilisema hilo kwa sauti ya upole. Katekista, aliyekuwa msaidizi wake, hakutaka mambo ya Mungu yatukute hatujajiandaa. Baada ya chakula cha mchana alitupanga mstari nje ya kanisa na kutufanyisha mazoezi, shavu baada ya shavu. Aliyetoa machozi alirudi nyuma ya mstari kuanza upya. Mimi nilirudi nyuma mara nyingi, hata nikaanza kumwonea huruma askofu, mtu mzee, kwa kazi iliyokuwa ikimngoja.

Dini tulifundishwa kwa Kiswahili, kwa sababu mashamba yalikuwa yamekusanya Wakamba, Wajaluo na Waluhya pamoja na sisi Wakikuyu, na padre alitaka katekisimu moja kwa wote. Tulikariri kwanza, kuelewa kungekuja kwa neema. Tulipoimba habari za karamu ya Bwana, mimi niliona kalamu, kwa maana katika Kikuyu kalamu huitwa karamu, na kwa muda mrefu niliamini kwamba mbinguni tunaenda kuandika. Lakini neno askari halikumhitaji mtafsiri. Ilikuwa miaka ya hali ya hatari iliyotangazwa na serikali ya kikoloni. Tuliishi katika kijiji kilichozungukwa na handaki ambalo mama zetu wenyewe walilazimishwa kulichimba, na askari ndio waliofungua lango asubuhi na kulifunga jioni.

Nilikaa dawati moja na msichana ambaye baba yake alikuwa dereva wa trekta shambani hadi askari walipomchukua na kumpeleka kizuizini. Alikuwa mkimya, na katekisimu ilimwingia kuliko sisi wote. Vipaji saba vya Roho Mtakatifu alivitaja bila kuvuta pumzi. Kwa hiyo Sista alipouliza, "Kipaimara kinatufanya nini?" alimchagua yeye, ili tusikie jibu likisemwa vizuri.

Akasimama. "Kinatufanya Wakristo wakamilifu," akasema, akaketi.

"Na nini tena?"

Akasimama tena. "Sista, mimi sitaki kuwa askari."

Sista akamwambia kwamba hao si askari wa bunduki, ni askari wa roho. Msichana akajibu kwa adabu kwamba mama yake amesema nyumbani kwao hapatatoka askari wa namna yoyote.

Siku ya pili mama mtu aliitwa. Alikuja moja kwa moja kutoka kuchuma kahawa, kikapu bado kiko mgongoni, akasimama mlangoni pa darasa, nasi sote tukajifanya tunasoma.

"Sista, mtoto apakwe mafuta, sina neno," alisema. "Hata hilo kofi apigwe. Lakini asirudi kwangu akisema yeye ni askari."

"Mama, kwani ni neno baya?" Sista akauliza.

Kila siku gari la misheni lilimpitisha Sista kando ya lile handaki, kwa hiyo hatukujua tumsaidieje kuelewa. Katekista alikuwa akitazama viatu vyake. Jioni, baada ya mashavu yetu, yeye naye alishika zamu langoni pamoja na askari.

Sista hakukasirika. Alikwenda kuzungumza na padre, na kesho yake akarudi na neno jingine. Msichana angeweza kusema kwamba Kipaimara kinamfanya shahidi wa Kristo. Hilo nalo limo katika mafundisho.

Jirani yangu wa dawati alifikiri kidogo. "Shahidi ndiye aliyevishwa gunia kichwani asijulikane," akasema, "akawaonyesha askari baba kwa kidole."

Sista aliketi. Sikuwa nimewahi kumwona ameketi wakati wa somo. Alifunga katekisimu, akaifungua, akaifunga tena, kisha akasema kwa sauti ndogo, "Basi, mwanangu, wewe utaishia kwenye Mkristo mkamilifu."

Uamuzi huo ulituuma sisi wengine. Sisi tuliokubali kila kitu tulibaki askari wa kawaida, na aliyekataa alifanywa mkamilifu. Wakati wa kucheza, msichana mmoja alisema naye hataki kuwa askari. Katekista alimsikia, na kwa huyo hapakuwa na haja ya kumwuliza padre.

Siku ya askofu tulivaa nguo nyeupe za kitambaa kilichonunuliwa kwenye duka la Mhindi mjini Thika. Kanisa lilijaa. Askari wa kijiji walikaa viti vya nyuma, bunduki zikiwa katikati ya magoti. Kabla ya kutupaka mafuta, askofu alitaka kujua kama tumefundishwa. Akauliza lile swali. Mikono yote ilikwenda juu isipokuwa mmoja, na kama ilivyo desturi ya wakubwa, akamchagua huyo.

"Kinatufanya Wakristo wakamilifu," jirani yangu akasema.

"Vizuri. Na nini tena?"

Nilimwona Sista akifumba macho. Nyuma, mtu alikohoa. Msichana alisimama wima, mikono imenyooka ubavuni.

"Hiyo inatosha, Baba Askofu."

Askofu alimwinamia, labda akidhani hakusikia vizuri. Kisha akatabasamu. "Kweli," akasema, "hiyo inatosha." Akaendelea na mtoto mwingine, aliyemwomba ataje vipaji saba, naye akataja vitano.

Na lile kofi? Askofu alinigusa shavu kwa vidole viwili, kama mama anayemfukuzia mtoto nzi. Nilikuwa nimekaza meno, nimeshika pumzi, nikabaki nimesimama nikingoja hadi msimamizi wangu akanisukuma. Nje tulipewa chai ya maziwa na mkate wenye siagi. Katekista alipita kati yetu akitupongeza kwa uvumilivu.

Baba yake jirani yangu alirudi tukiwa darasa la sita, amekonda, hasikii vizuri sikio moja. Nilikuwepo nyumbani kwao binti alipomsimulia habari za Kipaimara.

"Alikupiga?" baba akauliza.

"Ndiyo, baba."

"Mara ngapi?"

"Moja. Hata halikulia."

"Na hukukiri kitu?"

"Kuungama kulikuwa siku iliyotangulia. Baada ya kofi tulipewa chai."

Yule mzee aligeuza sikio lake zima upande wa binti. "Hapo kwa chai," akasema, "hebu rudia."