Fimbo kwa Kila Jaribio

Kwenye kiganja changu cha kushoto kuna kovu chini ya kidole gumba. Nisipoandika sasa lilivyopatikana, nitaanza kujionea huruma na kulisimulia vibaya. Sikusoma sana, niliishia kidato cha pili, kwa hiyo mambo ya kompyuta nayaeleza nilivyoyaona, si kama wenyewe wanavyoyaita.

Binamu yangu, mtoto wa mjomba wa Kilimatinde, alikuja kukaa kwetu Mwankoko msimu wa alizeti ulipokuwa unaisha. Yeye chuo alikigusa, mwaka mmoja akakatisha. Alikuja na kompyuta iliyopasuka kioo pembeni na habari moja kubwa: kampuni ya Dar es Salaam imekubali kumfanyia usaili wa kuandika programu kwa mtandao. Ni wa saa mbili, mara moja tu. Akifaulu anaajiriwa, akishindwa asiombe tena kwao. Mjomba alikuwa ameshamwambia kwamba safari hii asirudi mikono mitupu, maana ng'ombe aliouza kwa ajili yake wametosha.

Mimi naendesha mashine ya kukamua mafuta. Msimu ukipungua mashine inalala, nikampa stoo ya mashudu, yale makapi ya alizeti iliyokamuliwa, awe anakaa mchana, kwa kuwa mle kuna meza na umeme. Akasema tujifunze wote wawili, peke yake anasinzia. Nilikubali haraka. Nilitaka na mimi nijue kitu.

Alichokuwa anafanyia mazoezi ni programu ya kioo cheusi. Haina picha, haina mahali pa kubonyeza, rangi zake ni kijani na nyekundu basi. Unaandika amri, inakuletea swali. Unaandika jibu lako kwenye faili, unatoa amri nyingine, nayo inalipitisha jibu kwenye majaribio yake moja moja, na mengine huonyeshwi kabisa. Mwisho inakwambia yamepita mangapi na yameanguka mangapi. Maswali yote yalikuwa humo humo ndani, kwa hiyo hatukuhitaji bando. Sina neno baya juu ya programu ile. Haikumpiga mtu. Tuliopigana ni sisi.

Sheria aliitoa binamu. Alisema hesabu haijawahi kumwingia mtu wa kwetu bila fimbo, nami sikumbishia. Shuleni kwetu ndivyo ilivyokuwa, jibu moja baya fimbo moja, ukikunja mkono unaongezewa. Akakata fimbo ya mkole, akaimenya ganda, akailaza juu ya gunia. Kila jaribio litakaloanguka, fimbo moja, na hesabu ni ile ya kwenye kioo. Tukapeana mikono. Naliandika hilo kwa makusudi, kwamba tulipeana mikono.

Siku ya kwanza yangu yalianguka kumi na moja.

"Nyoosha, kichwa mashudu," alisema. "Mafuta yote yalishatoka humo."

Sisi mabinamu ni watani, angeweza kumtukana hata marehemu babu nami ningecheka. Nilicheka mpaka ya saba. Ya nane ngozi ilipasuka chini ya kidole gumba, na zile tatu za mwisho fimbo ilikuwa inarudi na damu, inanirushia usoni. Aliniuliza kama nataka kubadilisha mkono. Lazima niseme aliniuliza. Nikasema hapana, maliza.

Ilikwenda hivyo wiki mbili. Siku nyingine sita, siku nyingine tisa, siku moja ishirini na mbili, nikatapika mlangoni. Spana ilikuwa hainishikiki. Mama akaniuliza mikono imefanya nini nikasema mkanda wa mashine umeniuma. Binamu naye alichapwa, ila yeye alikosea mara chache, tatu tatu, siku moja tano. Nadhani nilimpiga taratibu. Yeye hakusema hivyo. Na kwa kweli nilijifunza. Sijui kama ilikuwa fimbo au ni kurudia rudia.

Alhamisi, zikiwa zimebaki siku nne afanye usaili, aliandika jibu kwa haraka, akatoa amri, kioo kikawa chekundu juu mpaka chini. Majaribio thelathini na mawili yameanguka yote. Akacheka. Akasema amesahau kulirudisha jibu mwishoni, mstari mmoja tu. Akauandika, akatoa amri tena, ikawa kijani tupu. Kisha akaninyooshea fimbo mwenyewe.

"Haya, moja."

Nikamwambia kioo kimesema thelathini na mbili.

"Kosa ni moja, binamu. Kosa moja linaangusha yote. Gunia likiwa na tundu unahesabu tundu, huhesabu punje."

Kichwa changu ni kizito, lakini hapo kilikwenda.

"Zile kumi na moja zangu," nikasema, "zilikuwa makosa mangapi?"

Akainamia kioo. Nikamuuliza tena.

"Moja," alisema.

"Na zile ishirini na mbili?"

"Mawili. Labda."

Ningependa kuandika kwamba alikuwa mtu mbaya. Hakuwa. Alinitazama, akaweka mkono wa kulia juu ya meza, kiganja juu, akasema sheria ni ile ile, nipige. Angeweza kukataa, kwa nguvu ananizidi.

Nikapiga. Tano za mwanzo nilipiga kama mtani. Baada ya hapo nilipiga kama mtu anayepura mtama, kwa bega zima, na kila moja niliihesabu kwa sauti. Ya kumi na mbili akaanza kuuma kola ya shati. Ya kumi na tano akasema basi, nikasema bado. Ya kumi na tisa aliuvuta mkono, fimbo ikakuta vidole kwenye ukingo wa meza, nikasikia kidole cha shahada kinavunjika kama bua kavu.

Ya ishirini niliipiga baada ya kusikia.

Hili nimelifuta mara mbili kwenye daftari na nimelirudisha. Niliisikia ile sauti, nikajua ni nini, nikapiga tena pale pale. Alipiga yowe, mama akaja anakimbia kutoka uani. Aliona mkono, akaona nilichoshika. Alininyang'anya fimbo akanichapa nayo mgongoni, shingoni, kichwani, mpaka ikakatika, kisha akaendelea na kipande kilichobaki. Binamu ndiye aliyemzuia. Akamwambia, "Shangazi, tulikubaliana."

Hospitali wakamfunga vidole viwili pamoja na kijiti. Kwa mkono mmoja saa mbili zisingemtosha, akaiandikia kampuni kwamba ameumia. Hakusema nani. Walijibu kwa ustaarabu: anaweza kuwa na mtu wa kumwandikia, kamera iwe wazi, na mtu huyo aandike anachoambiwa tu, asichangie jibu hata neno moja. Hapa kwetu aliyejua alama zile za programu zinakaa wapi kwenye kompyuta ni mimi peke yangu. Nikamwomba niandike mimi. Alinitazama sana, akakubali.

Jumatatu tukakaa stoo, yeye anasema, mimi naandika. Swali la kwanza likaenda. La pili likaenda. La tatu lilikuwa la orodha ya namba, utafute tofauti kubwa kuliko zote. Alikuwa anaufuata muda, anatamka haraka, na nikaona hajasema kitu kuhusu orodha ikija tupu, haina hata namba moja. Jambo hilo nilikuwa nimeshachapwa kwa ajili yake. Vidole vyangu vikasimama.

"Umekwama wapi?" alisema. "Andika."

Nikaandika. Majaribio machache waliyotuonyesha yalipita, akatuma, akanipiga begani kwa furaha.

Sheria ilinikataza kusema, hiyo ni kweli. Ni kweli pia kwamba vidole viliposimama nilikumbuka zile ishirini na mbili na matapishi mlangoni. Siwezi kuapa kipi kilitangulia.

Majibu yalikuja Jumatano. Hakupita. Waliandika kwamba swali la tatu limeanguka kwenye jaribio la siri, orodha tupu. Alisoma amesimama uani, mama akiwa anapeta mtama. Nikamwambia pale pale kwamba niliona.

"Uliona lini?"

"Ulipouliza nimekwama wapi."

Alinipiga kwa kiwiko, maana ngumi ya kulia hakuwa nayo. Mdomo ukajaa damu, nikaangukia kinu, akanifuata chini akanipiga mateke mbavuni na tumboni. Mama aliendelea kupeta. Mimi sikujikinga, na wala sisemi hilo ili nisifiwe, pumzi tu ilikuwa imekata. Alipochoka akachuchumaa karibu na uso wangu. Alikuwa analia.

"Ungeniambia, ningekuwa nimeiba," alisema. "Hilo najua. Nakuuliza lingine. Ulitaka nikose?"

"Sijui," nikamwambia.

"Afadhali ungesema ndiyo."

Kesho yake asubuhi alimwamkia mama shikamoo, akabeba kompyuta yake kwa mkono wa kushoto, akaenda kupanda basi la Manyoni kurudi kwao. Mimi hakuniaga.

Jioni mjomba alipiga simu. Nilimsikia tangu mbali, anauliza kwa ukali huyu mtoto amefanya ugomvi na nani mpaka akavunjwa kidole na kukosa kazi, maana ameulizwa na hasemi. Mama aliishusha simu sikioni. Alinitazama, akaninyooshea simu.

"Shikamoo, mjomba," nikasema. "Ni mimi."