Heshima Haitiki

Édouard alikuwa akipanga maboksi kwenye ghala moja la Jordbro, Uswidi, mwalimu alipopiga simu. Heshima, bintiye wa miaka kumi na mmoja, haonekani. Ukungu uliwashukia wanafunzi wakiteleza kwenye theluji mlimani, yeye akabaki nyuma, na alama zake kwenye theluji zinaelekea upande wa hifadhi ya msitu, kusiko na nyumba wala barabara.

Mlima wenyewe hakuwahi kuuona. Uko mbali kaskazini. Watu wa huku bwana, wanaifuata baridi ya kuua, halafu wanaiita likizo! Alikuwa ameikataa kabisa safari hiyo, mkewe Nicole akasema mtoto asitengwe na wenzake. Sasa hakuthubutu kumpigia Nicole.

"Waokoaji wamefika," mwalimu alisema kwa Kiswidi. "Wanamwita kwa jina. Ajabu ni kwamba haitiki, na alama zinaishia karibu tu, kwenye miti."

Hapo hofu ikawa maradufu, maana sababu aliijua. Walipokuwa wakikimbia vita Kivu, wakikatiza msitu, ni yeye aliyemziba mtoto huyu mdomo kwa kiganja na kumfundisha: mwanaume usiyemjua akikuita msituni, hata kwa jina lako, lala chini, usiitike. Walioitika hawakurudi; waasi waliweza hata kumteka mzazi na kumlazimisha amwite mwanawe atoke. Somo lilimwingia barabara, na hakuna aliyekumbuka kumwambia kwamba limekwisha.

"Wape simu!" Édouard alifoka. "Waiweke sauti yangu kwenye kipaza sauti!"

Akaita katikati ya ghala, wenzake wakimtazama kama mwehu. "Heshima! Ni miye, papa yako! Itika, mama! Bale batu ni bazuri!"

Upepo tu. Theluji haimhurumii mtoto aliyelala juu yake. Akaita tena, sauti ikimkatika, jasho likimtiririka, na bado upepo tu.

Kisha mbwa akabweka, na wanaume wakapiga kelele kwa Kiswidi. Wamempata. Alikuwa ametambaa chini ya matawi ya msonobari, akajifukia kwa theluji mpaka kidevuni, nao walikuwa wamempita karibu kabisa.

Édouard alilia bila aibu. Wakampa mtoto simu. Nyumbani humjibu baba yake kwa Kiswidi, hata akemewe vipi. Leo alitumia Kiswahili, akinong'ona ili wale wanaume wasimsikie.

"Papa, nimeshatoka. Ubaambie bakuachilie."