Nyundo ya Dalali Kwenye Simu

Kabla koo halijamsaliti, Delmar Kolar alikuwa akiongea mpaka ng'ombe wanachoka. Alikuwa dalali wa mnada wa mifugo hapa Wexler, na kila Jumatano alipanda kwenye kiti chake kirefu akatiririsha bei bila kuvuta pumzi, huku akimtania huyu kwa kofia yake na yule kwa mkwewe. Sisi watu wa Nebraska si waongeaji. Ukimwuliza mtu wa hapa kama nyumba yake inaungua, atakujibu kwamba kuna joto kidogo. Kwa hiyo tulikwenda mnadani hata bila nia ya kununua, kumsikiliza tu mtu mmoja anayesema kwa niaba yetu sote.

Kisha madaktari wa Omaha wakamkuta na uvimbe kooni, wakautoa pamoja na sauti yake. Alipona vizuri. Akanenepa, akarudi kula nyama na viazi kama zamani, lakini neno halikutoka tena. Hospitali walimpa kidude cha kushika shingoni ambacho hutoa maneno kwa mlio wa nyuki aliyefungiwa ndani ya kopo. Alikijaribu mara moja mbele ya Neva, mkewe, akakitia kwenye droo ya vijiko na hakukigusa tena.

Kilichomuumiza zaidi ni wenzake. Kule mkahawani walikokuwa wakinywa kahawa kila asubuhi, wanaume wazima walianza kusema naye polepole na kwa sauti kubwa, kana kwamba alikatwa masikio. Walimpigapiga begani. Walimwachia kiti kizuri. Delmar alivumilia huruma hiyo kwa muda, kisha akaacha kwenda, akawa anashinda nyumbani akitazama barabara.

Mimi ni jirani yao, nauza mbegu na vyakula vya mifugo, na sina subira na watu wanaokaa dirishani. Neva alipokuja dukani akasimama mbele yangu bila kununua chochote, nilijua kuna neno.

“Berna,” aliniambia, “miaka yote nilimwomba huyu mwanamume anyamaze nisikie redio. Sasa kanyamaza, na redio yenyewe siiwashi. Nyumba imekufa.”

Nilikuwa na kompyuta ya zamani niliyoiacha baada ya kununua nyingine, na modemu yake, kile kisanduku cha kuiunganisha na waya wa simu. Nilivibeba vyote mpaka jikoni kwao, nikavipanga mezani karibu na simu, Delmar akinitazama kama anavyomtazama mtu aliyeleta ng'ombe kilema mnadani.

Nikamweleza kuhusu Kihenge, maana intaneti ilikuwa haijafika kwetu. Hilo lilikuwa jina la ubao wa matangazo uliokuwa ndani ya kompyuta ya Gordon Sutter, fundi wa trekta wa mji wa jirani, chini ya nyumba yake, kando ya mashine ya kufulia. Unaipigia kompyuta ile simu kwa kompyuta yako. Zikishapokeana zinapigiana mbinja na makelele ya kutisha, ndipo maandishi yanapoanza kutokea. Unakuta barua zilizoachwa na watu wengine, unasoma, unajibu, unabishana, unaaga, mwingine anaingia. Gordon alikuwa na laini moja tu ya ubao, kwa hiyo mtu mmoja akiwa ndani wengine wote wanakuta simu ina shughuli. Anayekata bila kuaga anaweza kuiacha laini imeshikwa bure, na atatukanwa kesho yake na kaunti nzima.

Delmar akachukua kipande cha karatasi, maana vikaratasi ndivyo vilivyokuwa ulimi wake, akaandika: “Wanakuona?”

Nikamwambia hapana. Hawakuoni wala hawakusikii. Wanasoma tu, na hata jina unaloandikia ni la utani ulilojichagulia. Mimi mwenyewe kule niliitwa Panzi. Aliitazama ile kompyuta upya, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi nikamwona anavuta kiti.

Mwanzo ulikuwa wa tabu. Vidole vyake vilikuwa vinene, akitaka kubonyeza herufi moja anabonyeza tatu. Tulipiga, tukakuta simu ina shughuli. Tukapiga tena. Safari iliyopokelewa, ile mbinja ilipoanza, aliruka kiti kikaanguka. Nikamwonyesha kwamba ubao mzima unatembelewa kwa herufi moja moja: hii ya kusoma barua, hii ya kuandika, ile ya mwisho ya kuaga. Akaelekeza kidole kwenye ile ya kuaga, akatikisa kichwa, maana yake hiyo hataihitaji.

Kama kila mgeni, aliulizwa maswali, namba ya simu ikiwamo. Jina la utani akaandika Jogoo. Neno la siri akalificha nisione, ingawa Neva alilijua kabla hajamaliza kuandika. Lilipokuja swali la jina la kweli, vidole vilisita. Kisha akaandika jina la mtu asiyekuwapo duniani. Nikamgusa mkono nikamwambia asifanye hivyo, Gordon hapendi. Akaandika kwenye karatasi: “Kolar wanamjua. Watanionea huruma.” Nikauondoa mkono wangu, kwa sababu alikuwa amesema kweli.

Ubao ukamjibu asubiri, mwenye ubao atampigia. Mimi niliingia Kihenge zamani, kabla ya kanuni hiyo, kwa hiyo sikuelewa. Baadaye ndipo nilipojua kwamba wakati wa baridi kuna wahuni walijiandikisha kwa majina ya uongo wakaujaza ubao matusi, na tangu hapo Gordon humpigia simu kila mgeni, aisikie sauti yake, ndipo amfungulie. Asiyesema, haingii.

Alipiga wakati wa chakula cha jioni. Neva alikuwa kanisani na wanawake wenzake, wanaoka kolache, mikate midogo mitamu yenye tunda katikati, kwa ajili ya harambee, na Delmar alikuwa peke yake. Akainua simu. Gordon akauliza kwa jina lile la uongo kama ndiye. Delmar alipumua. Gordon akauliza tena. Delmar akagonga simu kwa kucha, akapumua kwa nguvu zaidi. Sasa wewe jiweke mahali pa Gordon: mtu jina lake halimo kwenye kitabu cha simu, na anakuhemea sikioni. Akakata. Siku ya pili Delmar alipoupigia ubao alikuta mstari mmoja tu: Jogoo amefungiwa, asijisumbue.

Nilimkuta jikoni, kompyuta imefunikwa kitambaa cha meza. Nilikasirika, kwanza na Gordon, kisha na yeye. Nikamwambia nitampigia Gordon sasa hivi, nimweleze kila kitu, na usiku huohuo atakuwa ndani. Delmar akaniwahi, akafunika simu kwa kiganja. Aliandika kwa haraka mpaka kalamu ikatoboa karatasi.

“Nikiingia kwa huruma, wataniandikia kwa huruma. Mkahawa ni uleule.”

Neva alisoma juu ya bega lake. “Basi usiingie,” alimwambia. “Rudi dirishani kwako, barabara imekukumbuka.”

Ulikuwa mkali mdomo wa Neva, na nilimwogopea Delmar. Lakini yeye akanyanyuka, akaenda kwenye droo ya vijiko. Nilidhani anakitafuta kile kidude cha hospitali. Akapekua chini yake, akatoa nyundo yake ya mnada, ile ya mti wa mwaloni iliyokuwa imelika upande mmoja kwa kugonga.

Ni lazima nieleze jinsi Delmar alivyokuwa akigonga, kwa kuwa madalali wote wana nyundo lakini hawagongi sawa. Yeye aligonga mara mbili polepole, kama mtu anayebisha hodi. Kisha akanyamaza. Hapo ukumbi mzima ulinyamaza naye, na alikuwa akituacha humo kimyani mpaka mtu anaanza kusikia moyo wake mwenyewe, anaanza kujiuliza kama kweli anamwacha mnyama yule aende kwa jirani. Halafu ndipo inapokuja ya tatu, na ukumbi unaruka. Wazee walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, na sisi tuliusikia kila Jumatano.

Akaniashiria nipige namba ya Gordon, ile ya nyumbani. Nikapiga nikampa simu. Akailaza mezani mdomo ukitazama juu, tukamsikia Gordon akiitikia, akiuliza nani, kisha akisema kwa uchovu, “Ni wewe tena? Sikiliza, kijana, mimi sina muda wa—”

Delmar akagonga mara mbili.

Gordon akakatika. Hakukata simu, alikatika maneno. Delmar akainua nyundo akaiacha hewani. Neva alikuwa ameshika ukingo wa meza. Yule bwana alituweka pale kama alivyotuweka siku zote, mpaka nikataka kumnyang'anya nyundo nigonge mwenyewe. Ndipo alipoishusha.

Kisha sauti ya Gordon, taratibu sana: “Imeuzwa.”

Delmar akakaa kitini.

“Mzee Kolar,” Gordon akasema. “Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nilikuja mnadani kwako kununua kamba tu, nikajikuna pua, ukadhani napandisha bei, ukanigongea mtamba. Nilimpakia kwenye gari la baba huku nalia. Gonga mara moja kama unanikumbuka.”

Delmar akagonga, na mabega yalikuwa yakimtetemeka, na kwa kuwa kicheko chake hakina mlio tena ilinibidi nimtazame usoni kujua kama analia. Alikuwa akicheka. Alikuwa akilia pia, lakini kidogo.

“Nilisikia umestaafu,” Gordon akaendelea. “Hawakuniambia kwa nini. Sasa nimeelewa.” Akakohoa. Watu wa hapa wakikaribia kusema jambo la moyoni hukohoa. “Kanuni yangu ni kwamba nisikie sauti ya mtu. Nimeisikia. Ubao uko wazi, Jogoo. Na mengine ni yako, mimi sitamwambia mtu.”

Basi hapo ndipo tulipojuta kumfungulia. Barua yake ya kwanza aliiandika kwa herufi kubwa mwanzo hadi mwisho, akimwuliza mtu aliyejiita Tufani kama anajua anachokisema kuhusu mahindi au ameokota tu. Kihenge kizima kikamrukia. Gordon akamweleza kwa upole kwamba kwenye ubao herufi kubwa ni kupiga kelele, na mgeni hapigi kelele. Jibu lilikuwa pale asubuhi:

“NIMEPIGA KELELE MAISHA YANGU YOTE NA NIKALIPWA. ZIBENI MASIKIO.”

Wakacheka, wakamwachia. Akawa mtu pekee aliyeruhusiwa. Jumamosi akaanza kuendesha mnada wa vitu vya watu humo humo: matairi, majiko, sungura, akitangaza bei kwa herufi kubwa na kumtania kila anayesitasita. Kila aliyetaka kupandisha bei ilibidi apige, asubiri zamu, aingie, aandike, aage. Mnada wa jiko moja ulichukua wiki, na hakuna aliyelalamika.

Neva hakuzoea kamwe kwamba simu ina mtu. Huinua ya chumbani, iliyo kwenye laini ileile, ampigie dada yake, na papo hapo katikati ya barua ya Delmar kunamwagika takataka za alama zisizosomeka. Delmar hakuzifuta, alizituma hivyo hivyo. Baada ya muda watu wakizikuta humo walijua ni mkewe, wakawa wakimalizia majibu yao kwa kuandika, salamu kwa mama.

Mwezi wa Agosti watu wa Kihenge hukutana bustanini kando ya mto, kila mmoja amebandika jina lake la utani kifuani, wale ambao mwaka mzima wamejuana kwa maandishi tu. Delmar hakutaka kwenda. Kule ndani alikuwa Jogoo, na aliogopa kwamba bustanini atakuwa tena yule mgonjwa wa mkahawani. Neva alimfunga kitambaa shingoni, akampa sinia la kolache za plamu abebe ili mikono isipate pa kukimbilia, akamsukuma garini.

Hatukuwa tumekaa vizuri alipotujia mwanamke mwembamba mwenye duka la vitambaa, kifuani ameandika Tufani. Alisoma kifua cha Delmar, akashika kiuno.

“Kumbe wewe ndiye Jogoo! Miezi yote hii unanitia kichaa kwa mahindi, nimekuja na pamba za masikioni. Mbona kimya hivyo?”

Mkono wa Delmar ulipanda kwenye kile kitambaa cha shingoni. Gordon aliacha kugeuza nyama, na mimi nilitazama nyasi.

Neva akapokea sinia kwa mumewe, akaliweka mezani bila haraka. “Koo lake walilikata, mama,” alisema. “Lakini usidanganyike. Nyumbani kwangu huyu hanyamazi.”

Tufani akamtazama Delmar, akakitazama kitambaa, akamtazama tena usoni. Nilingoja ampigepige begani. Akavuta kiti akaketi mbele yake, akafungua mkoba, akatoa kalamu na karatasi, akamsukumia.

“Haya,” akamwambia. “Turudi kwenye mahindi.”